Alama Maalumu: Hakuna

Mara ya tatu nilipoyarudisha meno ya mke wangu kwa fundi, nilikwenda na orodha. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono, kasoro ya kwanza hadi ya saba, nikaitia ndani ya jalada la karatasi ngumu. Meno yenyewe niliyafunga kwa leso safi nikayaweka mfukoni. Nimefanya kazi masjala miaka arobaini, na mtu wa masjala haendi kulalamika mikono mitupu.

Chumba cha fundi kiko nyuma ya zahanati ya meno, ukipita ukumbi wa kusubiria, choo na stoo ya mafagio. Kina dirisha moja, meza ndefu yenye alama za kuungua, taa ndogo ya spiriti, na mashine ya kung'arishia inayolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Vumbi jeupe la plasta limetanda kila mahali. Kwenye rafu zimepangwa taya za plasta, kila moja na namba yake ubavuni, na nakiri kwamba siku ya kwanza nilipoingia humo nilizitazama namba kabla sijamtazama mwenye chumba. Zilifuatana vizuri.

Fundi mwenyewe ni mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Daktari huchukua umbo la ufizi kule mbele, yeye huletewa plasta huku nyuma akatengeneza meno ya watu ambao mara nyingi haoni hata sura zao. Aliisoma orodha yangu yote, saba kwa saba, kisha akayageuzageuza meno chini ya taa.

"Yanamuumiza?"

"Hapana."

"Yanalegea?"

"Hapana. Juzi ameng'ata gamba la mkate."

"Akisema nayo, anasemaje?"

"Hasemi. Akitoka hapa anafika nyumbani, anayavua, anayatia kwenye glasi, anafunga kabati."

Akarudi kwenye orodha. "Sasa mzee wangu, hii namba nne. Umeandika hayaendani na mhusika. Maana yake nini?"

Nilimwambia maana yake ni kwamba hayaendani na mhusika.

"Hilo ni lalamiko," alisema. "Mimi natengeneza kasoro, lalamiko siwezi kulitia kwenye mashine."

Nieleze jambo moja mapema. Mke wangu alikuwa msemaji. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na mtu anayefundisha darasa la kwanza huzoea kusema jambo mara nne. Nyumbani alisema nasi vivyo hivyo. Kisha ugonjwa wa ufizi ukayachukua meno yake moja moja kwa miaka michache, na yaliyobaki daktari akayang'oa kwa siku mbili. Tangu hapo akanyamaza. Alikula jikoni peke yake, vitu vya kunywa na vya kuponda, na akilazimika kujibu alijibu neno moja huku kiganja kimeziba mdomo. Wageni walipobisha hodi, alikwenda kulala.

Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa nikiomba dakika tano za ukimya nisome gazeti. Nikapewa miezi saba. Nilisoma gazeti mpaka matangazo ya zabuni, na kila nikimaliza niliisikiliza nyumba na kuona naogopa. Asubuhi ile nilipokuwa nayafunga meno kwenye leso alinitazama kutoka mlangoni, akasema nyuma ya kiganja, "Ukiyapeleka nenda nayo mwenyewe. Mimi nimemaliza." Mke wangu akisema amemaliza, huwa amemaliza. Kwa hiyo kama fundi asingeweza kunisaidia siku ile, ndiyo ingekuwa basi, tungezeeka hivyo hivyo, yeye jikoni na mimi na zabuni zangu.

Haya yote sikumwambia fundi. Nilimwambia tu kwamba sitoki pale mpaka namba nne ishughulikiwe.

Alinitazama kwa miwani moja, akashusha na ya pili. Akainuka, akatoa rafuni taya ya plasta yenye namba ya mke wangu, ya juu na ya chini, akazifunga kwenye kifaa cha chuma chenye bawaba kinachofumba na kufumbua kama mdomo. Juu ya plasta akabandika ukingo wa nta ya rangi ya waridi. Mbele yangu akaweka kisahani cha meno yaliyobakibaki, ya saizi mbalimbali, na kisu kidogo.

"Kaa," alisema. "Wewe umeishi naye. Mimi nimemwona mara mbili, tena amejiziba. Panga."

"Mimi ni karani mstaafu."

"Si ndiyo kazi ya karani, kupanga?" Akanipa mgongo, akawasha nyigu wake.

Nilikaa kwa hasira, na ni vizuri ijulikane hivyo. Unapasha kisu kwenye taa, unalainisha nta kidogo, unalisimamisha jino, unasubiri nta ipoe, unafumba ile taya ya chuma uone kama la juu linakutana na la chini yake. Jino langu la kwanza lilianguka. La pili liliinama. La tatu liliniunguza kidole. Nilisema maneno fulani, fundi akajifanya hasikii. La nne lilisimama, nikafumba, likagonga la chini kwa sauti ndogo kavu, tak. Nikataka kuisikia tena.

Nilikuwa nimeanza saa tatu na nusu. Nilipoinua kichwa fundi alikuwa anafunika mashine kwa kitambaa, na saa ya ukutani ilisema saa kumi. Sikuwa nimekunywa chai. Sikuwa nimekwenda msalani, na kwa mtu wa umri wangu hilo si jambo dogo. Niliiangalia saa yangu ya mkononi nikidhani ya ukutani imeharibika.

Fundi alikiinua kifaa, akakizungusha.

"Haya ya mbele umeyapigia rula."

Ni kweli, nilikuwa nimeyapigia ukingo wa jalada.

"Hakuna mtu mwenye meno ya hivi, mzee. Ukimwona nayo mtu, ujue ameyanunua, tena kwa mtu asiyempenda." Akafungua taya, akachungulia nyuma. Akafumba. Akafumbua. "Haya magego nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Magego haya ningeyapika."

Sikuelewa, akanieleza. Nta ni ya kujaribia tu. Ukiridhika nayo, unaifungia kwenye plasta, unaitoa nta, unajaza plastiki mahali pake, unachemsha, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Ndiko kupika. Baadaye niligundua kwamba yule mwanamke hana namna nyingine ya kusifu. Hasemi vizuri, hasemi safi. Anapika au hapiki.

"Kesho njoo mapema," alisema, "kabla jua halijalainisha nta."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani nikajigundua natabasamu peke yangu. Masjala husifiwa kwa kutotajwa. Faili likipatikana hakuna anayeuliza nani aliliweka. Miaka arobaini sikuwahi kutajwa, na nilidhani hiyo inanitosha.

Basi nikawa nakwenda. Saa mbili asubuhi natoka, saa kumi narudi, vumbi jeupe kwenye nyusi. Nyumbani nilisema nafuatilia suala la meno. Siku ya nne mke wangu alinisimamia mlangoni, akanitazama kichwani mpaka miguuni, akasema nyuma ya kiganja, "Unafuatilia umenyoa?" Siku ya sita binti yetu mkubwa alipiga simu kutoka kwake.

"Baba, mama anasema una mahali unakwenda kila siku."

"Niko kazini."

"Kazi gani, si umestaafu?"

"Nampangia mtu meno."

Alicheka hadi akakohoa, kisha akauliza, kwa sauti ya kunibembeleza, kama huwa nakumbuka kunywa dawa zangu za presha.

Fundi hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinipa magego ya chini ya fundi seremala mmoja mstaafu, nikayapanga siku mbili, akayavunja kwa kidole, nikayapanga siku ya tatu, akayapika. Alinipa ya mama mmoja muuza vitabu, akayapika mara ya kwanza. Alinituma nikatazame watu. "Nenda nje, kaa, tazama midomo," aliniambia, "usisikilize wanasema nini." Nilikaa mbele ya benki. Nilikaa kwa kinyozi bila kunyolewa. Nikaona kwamba watu hawalingani hata pande zao mbili, kwamba jino la chonge la kushoto karibu siku zote limekwenda mbele kidogo au nyuma kidogo kuliko mwenzake, na kwamba hapo ndipo sura ya mtu ilipokaa. Mwanamke wa genge la mboga aliniuliza, "Vipi baba, nina kitu menoni?" Nikamwambia ana chonge zuri sana, limegeuka kama mtu anayesikiliza. Alisogeza nyanya zake upande wa pili, na tangu siku hiyo hunihudumia mumewe.

Nilipenda. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nimeheshimu mambo mengi maishani mwangu, saa, tarehe, mihuri, wakubwa zangu baadhi. Lakini kupenda kitu mpaka kiniamshe kabla ya kengele, hilo lilikuwa halijanipata, na nilikuwa na miaka sitini na moja. Mtu aliyeliona kabla yangu ni mwanamke wa miwani mbili aliyechoshwa na orodha yangu. Siku moja nilimuuliza alijuaje. Alisema hakujua, alitaka ninyamaze tu, lakini alipoona nimenyamaza kwa saa sita nzima akajua.

Wiki ya nne akaniwekea tena mezani taya ya mke wangu.

"Magego unayaweza. Sasa mbele. Na safari hii weka rula mfukoni. Alikuwa na meno gani?"

Nilishika jino la kwanza kwa kibano. Nikalishika tu.

"Marefu? Mafupi? Yamebanana?"

"Ya kawaida," nilisema.

"Hakuna ya kawaida. Umekaa mwezi mzima unaniambia wewe mwenyewe hakuna ya kawaida."

Nilimwambia nitamletea picha. Siku hiyo nilirudi nyumbani mapema, nikasubiri mke wangu aende kuanua nguo, nikatoa albamu zote mbili chini ya kitanda. Siku ya ndoa amefunga mdomo. Siku ya mtoto wa kwanza, amefunga. Yuko na darasa lake, watoto hamsini wamekenua, mwalimu amefunga. Enzi zetu mpiga picha alisema tulia, hakusema cheka. Nilirudisha albamu mahali pake, nikakaa kitandani. Nakumbuka namba za mafaili yaliyofungwa kabla binti yangu hajazaliwa. Meno ya mtu niliyekula naye asubuhi na jioni miaka thelathini na minane sikuyakumbuka. Na kumuuliza nilishindwa, maana kumuuliza kungekuwa ni kumwambia.

Kesho yake nilimwambia fundi ukweli. Alivuta droo, akatoa fomu.

"Basi tuone alichosema siku ya kwanza."

Kila mgonjwa hujaziwa fomu. Ina jina, umri, magonjwa mengine, na chini kuna sehemu ndogo ya fundi. Hali ya meno ya asili. Alama maalumu. Ile ya mke wangu ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mzuri, herufi zimesimama, hakuna kilichofutwa. Hali ya meno ya asili: kawaida. Alama maalumu: hakuna.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nikaikumbuka siku hiyo. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa kusubiria, yeye na kiganja chake mdomoni, mimi na kalamu. Hakuniomba nijaze. Niliona fomu na mkono ukaenda wenyewe. Alama maalumu, hakuna. Nimeisoma na kuiandika kwenye mafaili maelfu kwa maelfu, ya watu nisiowajua, na siku ile niliiandika hivyo hivyo, nikatia sahihi ya mume, nikairudisha dirishani kabla ya watu wote waliokuwa mbele yetu. Nakumbuka nilijisikia hodari.

"Kwa hiyo mimi nilitengeneza ulichoagiza," fundi alisema. Hakulisema kwa ubaya.

"Ulitengeneza nilichoagiza."

Akakaa kwenye kigoda chake. "Achana na macho. Macho yako siku hizo yalikuwa kwenye gazeti. Masikio je? Alikuwa akicheka vipi? Akipuliza chai? Akikuita?"

"Kuna mluzi."

"Mluzi gani?"

"Akirudi kutoka shule. Geti letu hufungwa kwa ndani. Alikuwa akifika anapiga mluzi nikamfungulie."

"Kwa vidole?"

"Mikono ilikuwa imejaa. Mmoja madaftari ya watoto, mwingine kikapu."

"Kwa kukunja midomo?"

"Sikuwa namwona. Nilikuwa ndani."

"Mluzi wenyewe mzito au mwembamba?"

"Mwembamba. Mkali. Mbwa wa jirani alikuwa akisimama."

Fundi akaivua ile miwani ya juu, akaiweka mezani.

"Huo haupigwi kwa midomo, mzee. Huo unapigwa na mtu mwenye mwanya."

Nilikuwa bado nimeshika kibano. Ukanijia wote kwa pamoja, mwanya wa mke wangu, katikati kabisa, meno mawili yaliyokaa mbalimbali kama majirani wasiosemezana. Dirisha la masjala. Msichana amekuja kufuatilia barua yake ya kuajiriwa, mimi nimemwambia faili halionekani, naye ameniona nimelikalia. Alicheka mpaka mhasibu akatoka chumbani kwake. Mimi sikucheka, nilikuwa nautazama ule mwanya, na nikamwambia faili bado lina hitilafu, arudi kesho, na kesho kutwa. Nilimpenda kwa mwanya ule kabla sijalifungua faili kusoma jina lake. Halafu nikaoa, nikahamia, nikakaa ndani na gazeti.

Nilimwomba fundi aniache peke yangu kidogo. Alikwenda kufagia ukumbini, kazi ambayo si yake.

Yale meno mawili niliyapanga siku nne. Nafasi ikizidi, fundi alinionya, kila neno litatoka na upepo. Ikipungua, ni ufa tu, utadhani jino limepasuka. Nilipima kwa kila kitu. Mwishowe nilikata kipande cha jalada langu la ile orodha, nikakikunja mara mbili, kikapita katikati bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Fundi alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakusema atapika. Alisema, "Hii atasema mwenyewe."

Ilibaki kumleta. Jioni ile nilimkuta jikoni, sufuria yake ndogo mbele yake.

"Kesho twende mara moja," nilisema. "Ni nta tu, ya kujaribia."

Kiganja kikapanda. "Nilikwambia nimemaliza."

"Naomba."

Neno hilo silitumii ovyo. Aliniangalia hadi uji wake ukashika utando.

Asubuhi alikaa kwenye kigoda cha fundi, mkoba mapajani. Fundi alimpa nta na kioo, kisha akaenda kusimama dirishani. Mke wangu aligeuka ukutani, akaivaa, akageuka tena na kiganja juu. Akakitoa polepole mbele ya kioo. Nikaona ulimi unapita nyuma ya meno, unafika katikati, unasimama.

Alikaa hivyo. Sikuweza kusoma uso wake, na nilikuwa nimeusoma uso wa kila mtu mjini mwezi ule.

"Nani amepanga hii?" aliuliza.

Fundi alinyoosha kidevu kuelekea kwangu.

Mke wangu akaweka kioo mapajani. "Uliandika hakuna," alisema.

Alisema bila kiganja.

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako, nasoma kalamu inavyokwenda. Nikasema moyoni, huyu atauliza. Ukaandika hakuna. Nikasema, mtu ameishi na kitu changu miaka yote hii, ameulizwa kwa maandishi, amesema hakuna. Basi labda hakikuwepo. Labda nilikuwa najiona mwenyewe."

"Kwa nini hukunisahihisha?"

"Nikusahihishe nikwambie nini? Mume wangu, nina mwanya?"

Fundi alikuwa anachunguza dirisha ambalo halioni kitu isipokuwa ukuta wa pili.

"Nimekosea," nilisema. Ilinichukua muda kuitoa, na haikunishushia uzito wowote, lakini nilitaka aisikie mbele ya mtu.

Alirudi kwenye kioo, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akakunja uso kama mwalimu aliyeona daftari chafu.

"Na hili bado umekosea," alisema. "La pembeni, kushoto. Langu lilikuwa limempanda mwenzake kidogo. Hivi." Akanionyesha kwa kucha. "Na la kulia lilikuwa fupi, nililikata nikifungua soda nilipokuwa chuoni. Hulikumbuki hilo?"

"Silikumbuki."

"Basi njoo uone. Lete kisu chako."

Nilipasha kisu. Alifumbua mdomo, akanionyesha, akaivua nta akanipa, nikalisogeza jino, akaivaa, akakataa. Tulifanya hivyo mara tisa. Alisema bado, alisema umezidisha, alisema sasa unabahatisha, alisema jambo mara nne. Kati ya mara na mara alinishika kichwa akakivuta karibu ili nione vizuri, na mimi nikatazama, kwa miwani niliyoazimwa, kila pembe ya mdomo ule ambao ulikuwa umebaki umefungwa kwa sababu ya neno langu moja. Mara ya kumi alikaa na kioo, akanirudishia nta mkononi, si kwa fundi.

"Hii sasa," alisema.

Fundi akaja, akaichukua, akaigeuza mara moja tu. "Naipika leo," alisema.

Alipoyavaa yaliyokamilika alianza kusema pale pale zahanatini na hakunyamaza mpaka nyumbani. Alikuwa na mambo ya miezi saba. Aliniambia jinsi ninavyokunywa chai, alinipa taarifa za majirani zote nilizokuwa nimezikosa, akampigia binti yetu simu akaongea naye hadi simu ikazima. Akatembelea wenzake. Akarudi kula mezani. Mluzi sikuusikia. Geti alikuwa akiligonga kwa kiatu, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilijiambia mwanya umekaa vibaya, au pumzi imepungua, au kuna vitu ambavyo mtu hakurudishii hata ukiviomba kwa maandishi.

Kwa fundi niliendelea kwenda. Mezani pake sasa nina kigoda changu, na miwani mbili. Mwezi uliopita alinipa kazi ya kwanza iliyo yangu peke yangu, fundi cherehani mstaafu, juu na chini. Fomu yake ilikuwa imejazwa na mtoto wake kwa mwandiko mzuri. Niliiweka pembeni, nikatoka ukumbini, nikakaa naye kwenye benchi, nikamwomba anisimulie alivyokuwa akikata uzi.

Kwa kuwa kazi ilikuwa inanisumbua usingizi, fundi aliniruhusu kwenda nayo nyumbani Jumamosi. Nilitandaza gazeti kwenye meza ya kulia, nikawasha taa ya spiriti. Mke wangu alikuwa amekwenda sokoni tangu asubuhi. Lilibaki chonge la kushoto, gumu kuliko yote, na baada ya kulivunja mara tano nilikuwa nimelipata. Lilisimama ndani ya nta laini, limeshikwa na kibano, likisubiri nusu dakika nta ipoe. Anayejua kazi hii anajua kwamba katika nusu dakika hiyo hata kupumua unapumua pembeni.

Mluzi ukapigwa getini. Mwembamba, mkali. Mbwa wa jirani, ambaye ni mjukuu wa yule wa zamani, akabweka.

Niliachia kibano. Nililiona chonge likiinama na nta ikiliganda upande, nikaliacha, nikaenda kufungua geti. Alikuwa amesimama na kikapu huku na kikapu huku, shingo imemtoka mishipa kwa uzito.

"Siku zote unachelewa," alisema, akanipa kimoja.